Mshauri wa Ugomvi

Kazi yangu ni kuwapaka waigizaji majeraha. Mwaka ule tulikuwa tunapiga filamu ya magenge ya mashabiki wa soka, hapa hapa mjini Rotherham, Uingereza, na mshauri wetu alikuwa Leonard Ackroyd, mzee wa miaka sitini na mitatu aliyewahi kuongoza genge la mashabiki wa mji wa Hull. Aliwafundisha vijana kurusha ngumi na kuwatoroka polisi.

Siku ya tatu nilikuwa nampaka kijana mmoja damu ya bandia kwenye jicho la kulia, kwa ajili ya tukio la ugomvi wa stesheni. Leonard akasimama mlangoni na kikombe cha chai, uso umempauka.

"Hapo mmekosea," akasema. "Lilikuwa jicho la kushoto."

"La nani?"

"Jamaa niliyempiga chupa stesheni ya hapa, mwaka themanini na tatu. Jina lake sikulijua."

Niliweka brashi chini. "Anaitwa Barry Hinchliffe. Ni baba yangu."

Hakujitetea. Aliuliza tu, "Nikienda, atanifungulia mlango?"

"Sijui. Twende."

Tulimkuta Baba bustanini aking'oa viazi. Leonard alivua kofia, akasema yote. Baba alimsikiliza hadi mwisho.

"Miaka arobaini nilidhani ulikuwa jitu," akasema. "Kumbe kafupi hivi!"

Leonard akacheka, kisha akalia.

"Sijakusamehe bado, bwana wee. Lakini ukweli ni kwamba nami nilikuwa na tofali mkononi. Chupa yako iliwahi tu." Akanigeukia. "Hilo sijawahi kukwambia, Maxine."

Kweli, hakuwahi. Maisha yangu yote aliniambia alikuwa mpita njia. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nimemshika bega.

Baba akamkabidhi Leonard jembe. "Mgongo unaniuma. Malizia mstari huo." Leonard akaumaliza, na mwingine.

"Jumamosi timu yetu inacheza hapa Rotherham," Baba akasema tulipokuwa tunaondoka. "Upande wa kushoto siuoni. Njoo unisimulie."

"Nikae katikati ya watu wenu? Si watanichinja!"

"Wakiisikia lafudhi yako ya Hull. Kwa hiyo nong'ona."

Jumamosi saa saba Leonard alifika na koti jeusi lisilo na rangi ya timu yoyote. Baba alikuwa kizingitini, skafu shingoni, akimkaripia kwamba wanachelewa.