Kioo Kinachozimika Kikisimama

Kioo nilikibadilisha mimi. Naanza na hilo kwa sababu mjomba angependa niliruke.

Mwalimu wa hesabu alichukua kompyuta yake jana ikiwa inang'aa. Leo asubuhi amerudi ameikumbatia kifuani: akifungua kifuniko na kukisimamisha, kioo kinakuwa cheusi ti. Ndani mna alama za darasa zima, na ripoti zinatakiwa kesho.

Mjomba, mwenye karakana, hata hakuigusa. "Bodi imekufa, mwalimu. Huo ni ugonjwa wa zamani. Itabidi utafute mashine nyingine."

Halafu akanivuta nyuma ya pazia. "Nakusitiri wewe," akaninong'oneza. "Watu wakijua fundi mwanamke kaharibu, nani atakuletea kazi? Tufunike kombe mwanaharamu apite."

Miaka minne nasitiriwa hivyo. Nikitengeneza vizuri, anayeshukuriwa ni yeye. Nikikosea, bodi imekufa. Wateja wanadhani mimi ni wa kufagia. Nilikuwa nimechoka, tena nimechoka vibaya. Na mwalimu mwenyewe hakuwa wa kupita: nilipochungulia, alikuwa ameshavuta kiti akakaa.

Nikatoka, nikaiunganisha kompyuta na runinga ya dukani. Kioo chake cheusi, lakini kwenye runinga picha safi kabisa.

"Bodi ni nzima," nikasema kwa sauti. Mjomba akakohoa.

Nikakiinamisha kifuniko polepole mpaka kikalala mezani. Picha ikarudi. Nikakisimamisha, ikazimika. Hapo masikio yakaniwaka moto. Juu ya meza yetu ya kazi kuna rafu iliyopigiliwa chini mno, kifuniko hakipati nafasi ya kusimama, kwa hiyo kila kompyuta tunaijaribu ikiwa imelala chali. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisimamisha kama mtu anavyoitumia nyumbani kwake.

Nikafungua fremu palepale mbele ya mwalimu, jambo ambalo kwetu ni mwiko. Mteja haoneshwi matumbo ya mashine. Waya wa kioo una mfereji wake pembeni ya bawaba. Huu ulikuwa umepitishwa juu ya bawaba, unabanwa kila kifuniko kinapoinuka. Haukuwa umekatika, umekunjika tu.

"Nani aliupitisha hapo?" mwalimu akauliza.

"Unajua, mwalimu, hizi kompyuta zikitoka kiwandani..." mjomba akaanza.

"Ni mimi," nikasema. "Kosa langu. Mashine yako haina ugonjwa wowote, wa zamani wala wa sasa."

Mjomba akacheka kicheko cha dukani. "Mpwa wangu bado anajifunza, mwalimu. Kuteleza si kuanguka. Niachie, nitaimalizia mwenyewe."

"Sijifunzi, mjomba. Vioo vyote vilivyotoka humu tangu mwaka juzi nimeviweka mimi. Hata vile vilivyokupa sifa."

Mwalimu alimtazama mjomba kwa muda, kama anayesahihisha daftari.

"Wewe uliniambia ninunue nyingine," akamwambia.

Mjomba alizunguka meza, akasimama karibu yangu, akanyoosha mkono apewe bisibisi.

Sikumpa.