Visimani

Panga lilitua kwenye gogo la kukatia nyama, karibu mno na vidole vya muuguzi, vipande vya mfupa vikamrukia usoni.

"Rudia," alisema muuza nyama. "Umepaitaje hapa?"

"Visimani, mzee wangu. Marehemu mama alisema kwao ni Visimani. Nimepatafuta kwenye kila ramani, sikupaona. Lakini alivyonisimulia vyote vipo: kilima chenye nundu, mto unaojikunja, njia panda. Visima tu ndivyo sivioni."

Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa kwake fumbo tamu, jambo la kutulizia akili akitoka zamu wodini. Asubuhi hiyo aliposhuka garini na kukiona kilima, nusura apige vigelegele.

"Hapa panaitwa Ushindi."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu tuliposhinda!"

Kofi lilimbwaga chini. Teke likafuata, la mbavu. Wateja waligeuza nyuso, kila mmoja akajifanya ana haraka zake. Mzee alikuwa na mvi, ila mikono yake ilizoea kuvunja mifupa. Alimburuta kwa nywele hadi mlangoni, akamgongesha kichwa kizingitini, povu la hasira likimtoka.

"Mashamba haya hamrudishiwi ng'o! Tulivifukia visima nanyi mkiwa ndani, tukadhani mmekwisha!"

Ghafla akaziachia nywele, kama aliyeshtushwa na sauti yake mwenyewe.

Muuguzi, damu imemjaa kinywani, alikuwa amesikia. Yeye hakutaja kufukiwa. Mama alikuwa akisema tu kwamba kwao walikuwa wengi, kisha akabaki peke yake. Nyumbani kwa muuguzi wote walidhani ndugu hao walikufa kwa maradhi. Lile fumbo lake sasa lilikuwa na watu ndani, nao walikuwa wake.

Mke wa muuza nyama, bibi mwembamba aliyeinama mgongo, alikuja na kopo la maji. Akamwinua, akamnawisha damu.

"Mama yako alikuwa binti wa nani, mwanangu?"

Muuguzi aliutazama mlango wa bucha. Kisha akamsogelea bibi, akamnong'oneza jina la babu yake sikioni.

Bibi alimshika mkono, wakaanza kutembea polepole katikati ya soko, mumewe akifoka nyuma yao. Kila baada ya hatua kadhaa bibi alisimama, akaigusa ardhi kwa kidole cha mguu.

"Hapa," alisema. "Na hapa."