Picha za Kamera ya Geti

Mstari wa kijani kwenye laptopu ulikuwa umeganda. Yule dada, ambaye tangu apate kazi wodini hata kwao walimwita Nesi, aliukazia macho kama anayemwangalia mgonjwa asiyetaka kuamka. Faili alilokuwa akilivuta kutoka kompyuta ya stoo lilikuwa limefika robo tu, na laptopu ikazidi kumjulisha kwamba kilichobaki kingechukua mpaka usiku. Usiku! Na hakimu alikuwa anarudi kitini baada ya mapumziko ya mchana.

Mdogo wake, Kifimbo, alikuwa mahakamani amefungwa pingu. Jumapili iliyopita, alasiri, gari la familia lilimgonga mwendesha baiskeli kwenye kona ya soko, likaondoka bila kusimama. Watu waliliona gari, wakashika namba zake, dereva hawakumwona. Polisi walipofika nyumbani kwa baba yao, anakoishi Kifimbo, walilikuta limeegeshwa, taa ya mbele imepasuka. Kwa kuwa mtaa mzima ulijua kwamba siku hizi gari lile huendeshwa na Kifimbo, wakamchukua Kifimbo. Mwenyewe alisema tu, "Mimi nilikuwa ndani, nimelala," akafunga mdomo, na tangu hapo hata mkewe hakumtoa neno jingine.

Nesi alikuwa na mtu wake aliyemshuku. Spana, fundi wa magari, rafiki wa Kifimbo tangu wakiwa na kaptula, aliliazima gari lile utadhani ni lake. Kifimbo na ubishi wake angekubali kuozea ndani kuliko kumtaja rafiki. Kwa hiyo asubuhi Nesi aliomba ruhusa kazini, akaja kwa baba yao na laptopu kwapani, ameapa kwamba Spana leo atajulikana.

Juu ya geti palikuwa na kamera, na picha zake zilihifadhiwa kwenye kompyuta kuukuu ya stoo. Kompyuta ile ilikuwa ya kubembelezwa. Skrini yake iliungua siku ya radi, na matundu ya kuchomeka flashi yakafa siku hiyohiyo. Kifimbo alihangaika nayo kutwa nzima mpaka ikawaka, na tangu hapo kuizima kukapigwa marufuku, maana hakuna aliyejua kama ingewaka tena. Njia pekee ya kufikia mafaili yake ilikuwa kupitia kompyuta nyingine ya humo ndani, kwa waifai. Tena ilipojaa, ilikuwa inakula picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Nesi alipofungua folda asubuhi, Ijumaa yote ilikuwa imeshaliwa. Sasa ilikuwa inamalizia Jumamosi.

Simu ikalia. Mke wa Kifimbo.

"Wifi, umefika wapi?" Aliongea chini chini, kama mtu aliye msibani. "Wakili anasema tusipokuwa na kitu cha kumwonyesha hakimu leo, anapelekwa mahabusu. Fanya hima, wifi yangu."

"Waifai inanisumbua. Nipe muda kidogo."

Kutoka chumbani kwake, Baba akapaza sauti: "Wifi yako anakusumbua nini tena? Ana shida zake, mwache."

"Si wifi, Baba. Waifai. Mtandao wa humu ndani."

Siku nyingine mzee angeichezea kauli hiyo mpaka jioni. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, mcheshi, na mtu wa kujisifu kwamba hajawahi kukwaruza hata kuku. Ila mwaka huu daktari wa macho alimpiga marufuku kushika usukani, na tangu siku ile vicheko vilipungua.

Nesi aliibeba laptopu mpaka stoo, akaiweka juu ya gunia kando ya ile kompyuta kuukuu, karibu kugusana. Sasa mtaelewana, alijisemea. Mstari haukusogea. Akampigia jamaa wa kompyuta wa hospitalini, akamweleza.

"Umezikalisha pamoja?" Jamaa akacheka. "Dada, hizo hazisemeshani zenyewe. Kila moja inampa ruta ujumbe, ruta anaufikisha kwa mwenzake. Hata zikilala kitanda kimoja, kama ruta hasikii vizuri, umekwama. Nani mwingine anatumia mtandao?"

"Hakuna mtu."

"Televisheni?"

Nesi akakimbia sebuleni. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira peke yake, kutoka mtandaoni, sauti imezimwa. Akaichomoa. Akazima waifai kwenye simu yake pia. Mstari ukajikongoja kidogo, ukasimama tena.

"Bado!"

"Basi tazama ruta mwenyewe. Anataka kuwa juu, mahali wazi. Akiwa nyuma ya chuma au kabatini, ni kama mtu anayeongea na mto mdomoni."

Ruta, kile kisanduku cha kurushia mtandao, siku zote ilikaa kwenye rafu ya koridoni. Nesi alisukuma pembeni kitambaa cha rafu; palikuwa na vumbi, na alama safi ya mstatili katikati ya vumbi. Waya uliotoka ukutani ulishuka sakafuni, ukapita ukingoni mwa zulia, ukaingia chini ya mlango wa Baba.

"Nitakupigia," alimwambia yule jamaa.

Akabisha, akaingia bila kusubiri. Baba alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la chuma, lile la safari za zamani, mikono magotini. Waya ulipanda ubavuni mwa sanduku na kuzama chini ya kifuniko.

"Baba, naomba uinuke."

"Nimekaa."

"Naona umekaa. Naomba uinuke."

"Kile kitu kina taa zinazochezacheza. Zinanichoma macho, silali."

"Taa za kule koridoni, mlango umefungwa?" Nesi alishangaa jinsi sauti yake ilivyopanda. "Baba, juzi hukuiona sahani niliyokuwekea mezani!"

Nesi akamshika chini ya makwapa, kama anavyowainua wagonjwa, akamhamishia kitandani. Mwili ulikuwa mwepesi, nao haukumpinga. Ndani ya sanduku, ruta ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi, imepata moto kama pasi. Akaitoa, akairudisha juu ya rafu, akarudi stoo akihema.

Mstari wa kijani ulikuwa unakimbia. Kwenye folda, Jumamosi haikuwapo tena. Asubuhi ya Jumapili ilikuwa inafutika. Nesi aliuma kucha. Njoo, njoo, njoo. Mstari ukafika mwisho, faili likawa lake. Akalifungua, akasogeza picha mbele mpaka alasiri.

Geti. Gari. Paka akikatiza. Kisha akatokea mtu kutoka mlango wa nyumba, na hakuwa Spana. Alitembea ametanguliza mkono, akalipapasa gari kutoka boneti hadi kwenye kitasa, akifuata bati kwa vidole. Akaingia upande wa dereva. Gari likarudi kinyumenyume, likagusa nguzo ya geti, likajirekebisha, likaondoka.

Nesi alisogeza tena. Gari likarudi na taa inaning'inia. Kifimbo akatoka mbio na fulana ya kulalia, akafungua mlango, akamshusha mzee, akamkumbatia. Akaitazama taa, akaitazama barabara, akashika kichwa. Kisha akamwingiza mzee ndani, akarudi kuliegesha gari vizuri.

Simu ikalia.

"Limekuja, wifi?"

"Limekuja."

"Alhamdu! Ni nani? Ni Spana?"

Nesi aliishusha simu kutoka sikioni. Nyuma yake ubao wa sakafu ukalia. Baba alikuwa mlangoni, kiganja ukutani.

"Niambie unachokiona," alisema.

"Unajua ninachokiona, Baba."

"Niambie."

Akamwambia yote, toka mkono kwenye boneti mpaka fulana ya Kifimbo. Simu ilikuwa bado hewani mkononi mwake.

"Ulitaka zifutike," Nesi alisema.

"Kifimbo aliwahi kunieleza kwamba zinaliwa zikikaa. Nikasema bora ziliwe. Sikutaka safari, mwanangu. Nilitaka kufika sokoni na kurudi, basi. Nijue kama bado naweza."

"Ulimsikia yule mtu wa baiskeli?"

Baba aliegemea fremu ya mlango.

"Nilimsikia. Alimwita mama yake. Nikajiambia, nikisimama watajua sioni."

"Yuko wodini kwetu!" Nesi alikuwa analia bila kujijua. "Mguu una vyuma, Baba. Mimi ndiye ninayembadilishia bandeji. Kila asubuhi ananiuliza kama dereva ameonekana. Na mwanao umemwacha apelekwe mahabusu?"

"Alisema nitulie, atayamaliza yeye. Nikatulia. Siku nzima nakaa kule natulia."

Nesi alitazama skrini. Faili lilikuwa moja, na kulifuta kungekuwa kazi ya kidole. Kule kwenye kompyuta kuukuu lingeliwa baada ya muda mfupi, na hapangekuwa na mtu wa kuuliza. Aliliwaza hilo, tena si kwa kupita. Aliliwaza mpaka kidole kikafika kwenye kitufe cha kufuta. Kisha akamnyooshea baba yake simu.

"Wifi yangu bado anasubiri jibu. Mpe wewe."

Mzee aliipapasa simu, akaiweka sikioni imepinduka. Nesi akaigeuza.

"Mkwe wangu," Baba alisema, akakohoa. "Mwambie wakili dereva anakuja. Mimi. Ndiyo, mimi. Usilie, tafadhali, mwambie tu."

Walifika hakimu ameshaketi. Wakili alionyesha picha, na Baba alisimama akaeleza mwenyewe, bila kupunguza kitu, hata pale alipoulizwa kama alisikia sauti. Karani aliandika, watu wakanong'ona. Hakimu alimkaripia Kifimbo kwa kuificha kweli, akaamuru aachiwe. Mzee alisomewa shitaka lake, akapewa dhamana na tarehe ya kurudi, na mwendesha mashitaka akaiweka leseni yake kwenye bahasha.

Nesi alimsubiri mdogo wake karibu na mlango. Alikuwa ameandaa maneno. Kifimbo alipofunguliwa pingu, alikumbatiwa na mkewe, akaja mpaka mbele ya dada yake akasimama.

"Ungeniachia mimi," alisema.

"Nisingeweza."

"Najua. Lakini ungeniachia."

Akampita. Alikwenda mpaka kizimbani, ambako Baba alikuwa bado ameshikilia mbao, hajui pa kutokea. Akamshika kiwiko.

"Kuna ngazi, Baba. Shusha mguu. Moja tena."