Mapigo Themanini na Manne

Tangu mzee Nsajigwa afariki, Esnath haingii chumba cha wagonjwa mahututi bila kukitupia jicho kitanda cha dirishani. Kimetandikwa shuka safi, hakina mtu, na bado anahisi kuna mtu. Muuguzi mzima, mtu wa kazi, anaogopa kitanda!

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga. Mchana ule kile kifaa cha kidoleni kinachohesabu mapigo ya moyo kilikuwa kimoja kwa wagonjwa wawili. Alimvua mzee akamvisha mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amezidiwa. Kwenye kompyuta, kisanduku cha mzee cha saa nane kikawaka chekundu, kinadai kujazwa. Na wakubwa walikuwa wamewapigia kelele wiki nzima: takwimu zikamilike, chekundu ni aibu ya wodi! Esnath akaandika themanini na manne, mapigo yale yale ya saa saba, akarudi mbio kwa yule mama. Alipopata nafasi ya kumgusa mzee, taya lilikuwa limeshaanza kukaza. Alikuwa amekufa kitambo.

Wodi ikasifiwa kwa kutokuwa na pengo hata moja. Esnath alipiga makofi na wenzake. Siku hizi mgonjwa yeyote akisoma themanini na manne, anamshika mkono tena na tena, mpaka mgonjwa mwenyewe anashangaa.

Matanga yalipoisha, Jairo, mtoto wa marehemu, akashuka kutoka kijijini Nkunga.

"Ndaga, sista, kwa kumuuguza baba," alishukuru, kofia mkononi. "Nina swali moja. Mimi na mzee tulikosana miaka mingi. Kwetu baba akifa na hasira yake, inabaki kwa watoto, na mwanangu yuko kitandani, hali chakula. Siku ile saa nane niliingia, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Wazee wananiuliza, alikusikia? Saa nane alikuwa hai?"

Esnath alifungua kompyuta, ingawa hakuhitaji.

"Hapa inaonyesha alikuwa hai, kaka Jairo. Mapigo themanini na manne."

Alitegemea uso wa Jairo ungefunguka. Haukufunguka.

"Siulizi mashine, sista. Nakuuliza wewe. Ulimshika?"

Alihisi mzee amesimama nyuma yake, naye anasubiri jibu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena uongo wa huruma, ambao ungempeleka mtu huyu nyumbani akalale. Akaumeza.

"Sikumshika," alisema. "Ile namba niliiweka tu. Nisamehe, kaka. Nadhani alikuwa ameshatutoka."

Alingoja matusi. Jairo aliweka kofia mezani, akavitazama viganja vyake.

"Mimi nilimshika," alisema. "Alikuwa wa baridi. Nikajiambia ni hii baridi ya Tukuyu tu."