Udongo Mbichi

Dieudonnée aliinua jembe, akakipiga kichuguu pigo la kwanza. Desturi ilimtaka mwenye kichuguu aanze mwenyewe, ndipo mtu mwingine aruhusiwe kukibomoa. Blaise, jirani yake mfyatua matofali, alingoja kando kwa adabu. Udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri, na alikuwa amekiomba tangu mwaka jana.

Lakini pigo lile halikuwa la desturi tu. Lilikuwa la Gaston. Mumewe huyo alikwenda kuchimba dhahabu Lusangi, akaahidi kurudi kabla ya mvua aukandike upya ukuta wa nyuma. Mvua ilikuja, ukuta ukaanguka, Gaston hakuonekana. Mwishowe Hemedi, kijana wa pikipiki anayebeba watu kati ya Kasongo na Kabambare, alileta habari huku ameinamisha macho: Gaston amejenga huko huko, na nyumba hiyo ina mwanamke. Kujenga anajua, basi. Alichosahau ni mahali.

Kichuguu nacho kilimwangusha. Alikirithi kwa mama yake. Kila mwanzo wa mvua walikifunika kwa majani ya migomba, wakapiga vijiti juu ya gogo ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, watoke. Walikula, wakabakiza kapu la kupeleka soko la Kasongo. Mwaka huu alipiga vijiti mpaka viganja vikamuuma, na hakutoka hata mmoja. Siku hiyo aliacha kusali. Aliona aibu kuendelea kumpigia hodi asiyefungua.

Sasa jembe lilifungua tundu la kutosha kichwa cha mbuzi. Ndani palikuwa giza, pakavu, kimya.

"Imekufa," alimwambia Blaise. "Kesho uchukue yote."

Kesho yenyewe isingemkuta. Kaka yake wa Kabambare alikuwa amekubali kumpokea, na Dieudonnée aliyajua vizuri maisha ya mke aliyerudi kwao: wa kwanza kuchota maji, wa mwisho kula. Shamba na nyumba vingebaki kwa nyasi.

Asubuhi, Hemedi akiwa anafunga mizigo kwenye pikipiki, Dieudonnée alikumbuka jembe lake. Alilikuta pale pale alipoliacha. Tundu halikuwapo.

Aliinama. Mahali pa tundu palikuwa na udongo mwekundu uliokolea, umepangwa punje kwa punje. Usiku mvua haikunyesha. Vumbi lilikuwa bado juu ya majani. Akagusa. Udongo ulikuwa mbichi, na kidole chake kikaacha kishimo. Mchwa mmoja akatokea na punje mdomoni, akaiweka kishimoni, akarudi ndani. Akaja mwingine. Hakuna aliyejishughulisha kutazama nani alibomoa. Dieudonnée alichuchumaa akiwaangalia mpaka kishimo kikajaa. Akalia, na safari hii hakumlilia Gaston.

"Kumbe uko," alisema polepole, akimwambia Yule ambaye yeye alikuwa ameacha kumpigia hodi.

Blaise alipofika na jembe lake, Dieudonnée alimwomba radhi.

"Iko na watu ndani," alisema. "Wanajenga."

Blaise akakitazama kiraka kile. Matofali alikuwa ameshayaota usiku kucha, maskini, lakini aliitikia kwa kichwa, akaweka jembe begani, akasema atatafuta kingine. Hemedi alipiga honi, kisha akaja mwenyewe kuuliza kama wanakwenda au hawaendi. Dieudonnée akamwomba ashushe mizigo.

Jioni, akitoka Kabambare na abiria mwingine, Hemedi alimkuta nyuma ya nyumba, matope hadi viwikoni. Fito mpya zilikuwa zimefungwa, na sehemu ya chini ya ukuta imeshakandikwa. Akasimamisha pikipiki.

"Mama, kesho niko napita Lusangi. Nimuambie Papa Gaston nini?"

Dieudonnée alifikiri kidogo, kiganja chake kikiwa juu ya ukuta.

"Umuambie ukuta imekauka."

Maji ya udongo yalikuwa bado yanamchirizika mkononi. Akachota konzi nyingine, akaendelea kukandika kwenda juu.