Beti Nne za Kifungo

Neno lenyewe ni dogo, halijazi hata kiganja, lakini ndilo lililomfunga binti wa watu ndani ya nyumba yao mchana kweupe, mlango ukiwa wazi na ufunguo ukining'inia pale pale msumarini.

Binti mwenyewe wateja walimwita Kifungo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele ndiyo karakana, na kazi ya binti akitoka shule ilikuwa kutia vifungo na kukata nyuzi zilizobaki. Jina alilipata kwa Mama Mapacha, jirani yao, mwanamke ambaye akicheka hata pini zinatikisika kwenye kopo. "Huyu anatia vifungo mashati ya watu, na mdomo wake kautia kifungo pia," alisema siku hiyo. Watu wakacheka, jina likaganda. Na kweli, alikuwa haongei. Shuleni akiulizwa kitu anachokijua vizuri kabisa, sauti inamkimbia, anabaki kasimama kama mtu aliyeshushwa kituo sicho.

Lakini asiyeongea siyo kwamba hana la kusema. Kifungo alikuwa anatunga mashairi. Aliyatunga kichwani, mkono ukiwa kwenye sindano, akipima mizani kwa vifungo: nane huku, nane kule. Shairi likishakaa sawa ndiyo analiandika, na akishaliandika analichana, maana nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na mtu hana pa kuficha hata chafya.

Chumba cha nyuma cha maktaba alikikuta kwa bahati tu. Alikwenda kurudisha kitabu cha shule, akaona ubao kwenye mlango wa nyuma, umeandikwa kwa chaki. Kikundi cha waandishi wa hapa kwetu, kila Jumamosi, bure. Meza ipo, kompyuta ipo, karatasi zipo, na mtu wa kukusomea kazi yako akakuambia ilipokosea yupo pia. Njoo na ulichonacho. Kifungo aliusoma ubao ule mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotea.

Akaanza kwenda. Alimuaga mama kwamba anakwenda kusoma, na haukuwa uongo. Alikaa kiti cha karibu na mlango, Jumamosi hii na ile, akiwasikiliza wenzake: mwalimu mstaafu, muuguzi anayegombana na vina, dereva wa lori mwenye hadithi za mapenzi zinazomliza mwenyewe akizisoma. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Mtunza maktaba, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, alikuwa anapita, anamwekea karatasi tupu mezani, anakwenda zake, kama mtu anayemwekea ndege punje halafu anajifanya hamtazami.

Ndipo likatoka tangazo. Kikundi kitachapisha kijitabu cha washairi wa mtaani, na watakaochaguliwa wataingia darasa la waandishi: mwaka mzima wa kufundishwa, kuingia chumba cha nyuma siku yoyote unayotaka, na kusoma redioni. Nafasi zilikuwa chache, na sharti lilikuwa moja. Siku ya usomaji uje mwenyewe, usome kwa mdomo wako. Asiyekuja, nafasi yake anapewa mwingine.

Chumba cha kuingia siku yoyote! Kifungo hakuwahi kutamani kitu kama alivyokitamani chumba kile. Akalitumbukiza shairi lake kwenye kisanduku, na chini yake akaandika namba ya simu ya mama, kwa sababu ya kwake hakuwa nayo. Aliomba kitu kimoja tu, tena kwa kunong'ona: watume ujumbe wa maandishi, jioni, saa ambazo simu anakuwa nayo yeye. Bi Mkubwa akakubali. Halafu, mambo ya watu wazima, akasahau. Macho yalikuwa yamemchoka siku hiyo, akaona kuongea ni rahisi kuliko kuandika.

Ujumbe uliingia Mama Mapacha akiwa amesimama juu ya stuli, gauni limejaa pini, hawezi kuinama wala kushuka. Mama mikono ilikuwa na chaki, akaibonyeza simu kwa kifundo cha kidole. Sauti ikajaa chumbani.

"Mwanangu, hongera sana! Beti zako zimeshinda, zote nne! Ile ya tatu imechechemea kidogo, lakini tutaikaza. Jumamosi njoo mwenyewe uchukue nafasi yako, usimtume mtu. Na usiishie hapo, eh? Uzidishe!"

Sasa hapa lazima mtu aelewe kitu. Katika nyumba ile, neno beti lilikuwa na maana moja tu. Baba mtu alibeti mpira, akabeti tena kurudisha alichopoteza, mwisho ikaondoka mashine ya pili, ile ya kuziba pindo, ambayo alama za miguu yake mpaka leo ziko sakafuni. Kisha akaondoka na yeye, kasema anarudi.

"Beti?" mama akauliza, polepole.

"Zote nne!" Mama Mapacha akadakia huko juu ya stuli. "Wee! Huyu kamzidi baba yake. Baba yake hakuwahi kushinda hata moja!"

"Mama Mapacha, nyamaza, nitakuchoma."

"Mimi nimenyamaza. Ila muulize na mimi ananipa siri gani, wanangu wanamaliza unga kama mchwa."

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake kama anaangalia kitambaa alichokinunua kizima na sasa anaona tundu. "Ndiyo kusoma huko? Maktaba? Na huyo mwanamke anakusanya watoto wa watu anawafundisha kubeti, tena kwa simu yangu?"

Kifungo akafungua mdomo. Lilihitajika neno moja tu, shairi, na mambo yangeishia hapo. Lakini alijua neno la pili litakalofuata kutoka kwa mama. Mama angesema, haya, lisome. Akaufunga mdomo.

Maana lile shairi lilikuwa la mama mwenyewe. Ziko siku fundi yule alikuwa anakaa kwenye cherehani, wateja wameshaondoka, anakanyaga kwa nguvu, mashine inaunguruma mpaka bakuli linacheza mezani, na majirani wanasema jamani yule mama anachapa kazi. Hakuna aliyejua kwamba siku hizo mashine haina uzi wala nguo. Mama alikuwa analia, na kelele ile ni ya kufunika kilio. Hakuna aliyejua, isipokuwa mtu mmoja anayekaa kwenye kona akitia vifungo, na sasa, kwa ujinga wa mtu huyo, kikundi kizima cha waandishi.

"Umenyamaza," mama akasema. "Hata baba yako alikuwa ananyamaza hivyo hivyo. Basi sikiliza. Kuanzia leo ni shule na nyumbani. Na Jumamosi hutoi mguu nje."

Zikaja siku ambazo kila kitu kilimgeukia. Mama alikung'uta mkoba wa shule akitafuta vikaratasi vya kubetia, hakukuta kitu, akasema, "Kumbe mnafanyia kwenye simu." Akafungua simu, hakukuta kitu, akasema, "Kumbe unafuta." Kifungo akila kidogo, ni mawazo ya beti. Akila sana, anasherehekea. Mashati ya kwaya yakaletwa, rundo limefika kwenye ukingo wa dirisha, yote hayana vifungo, na mama akayasogeza yote upande wa binti. Binti alikaa nyuma ya rundo lile kama mtu aliyejengewa ukuta huku anatazama.

Na Mama Mapacha hakusaidia. Alikuwa akipita dirishani anaita, "Tajiri! Hujambo tajiri? Leo nani anamfunga nani?"

Ijumaa jioni mama alikunja kazi mapema. Akavua pini zilizokuwa kifuani, akazichomeka moja moja kwenye kimto cha pini, akasema kwa utulivu, "Kesho naenda mwenyewe huko maktaba. Nitamwuliza huyo mama mbele za watu, kila mtu asikie."

Kifungo akaliona lote kabla halijatokea: mama anafoka, Bi Mkubwa anashangaa, anasema lakini ni shairi, hili hapa, na analisoma. Mbele za watu, kila mtu anasikia.

"Mama, ni beti za shairi."

"Za nini?"

"Shairi. Ubeti, beti. Siyo za mpira."

Mama akasimama, sura imekunjamana, na neno likimwingia taratibu. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akaegemea mashine, machozi yanamtoka. "Mungu wangu! Shairi! Si ungesema, wewe mtoto? Wiki nzima sipati usingizi, nimeshaona unauza sufuria zangu! Shairi!" Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Kumbe nina mtunzi ndani. Haya, njoo. Lisome nisikie."

Kifungo akatafuta shairi jingine kichwani, lolote, la mvua, la shule. Halikuja hata moja. Akasoma kwa moyo, macho chini.

*Sindano haina uzi, na mguu wakanyaga,*
*Kelele ndiyo mlinzi, chozi anapolimwaga,*
*Wadhani yuko na kazi, wateja wakimuaga,*
*Nami nasikia wazi, kimya moyo wanisaga.*

Kicheko cha mama kilikuwa bado usoni, hakijajua kimeshaondokewa. Binti alimaliza na zile nyingine tatu, kwa sababu kusimama katikati kungekuwa vibaya zaidi.

"Nani kakuambia haina uzi?" mama akauliza.

"Nafagia mimi hapo chini. Siku hizo hakuna nyuzi."

Mama akatazama sakafu chini ya cherehani kama vile imemsengenya. "Na huyo mama kalisoma?"

"Ndiyo."

"Na wenzake?"

"Nafikiri."

"Bora ungekuwa unabeti," mama akasema. Wala hakulisema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Kifungo angeweza kuivumilia.

Jumamosi mama hakwenda maktaba. Alikaa kwenye kiti chake, na alipomwona binti amevaa viatu akasema bila kugeuka, "Sijakukataza. Mlango huo hapo. Ila ujue ukilisoma kule, kesho watu watakuja kunipa pole badala ya kuniletea vitambaa."

Kifungo akaenda mpaka kizingitini. Nje jua lilikuwa linawaka, mtu anasukuma baiskeli, maisha yanaendelea. Akarudi, akakaa nyuma ya mashati na viatu vyake miguuni. Akatia kifungo, akainuka, akakaa tena. Angekatazwa, angekuwa na mtu wa kumlaumu. Hivi alivyoachiwa, hakuwa na pa kutokea.

Simu ikalia. Mama akaiangalia, akampa.

"Uko wapi, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa, na nyuma yake viti na watu wanakohoa. "Amebaki mmoja tu kabla yako. Kama huwezi kufika, soma hapo hapo ulipo, nimeongea na wenzangu, wamekubali. Nimeweka sauti kubwa. Wote tunakusikiliza."

Wote. Nafasi yake ilikuwa imekuja yenyewe mpaka chumbani, kilichobaki ni kufungua mdomo. Akamtazama mama. Mama hakumtazama. Alikuwa anaangalia ukuta, na mguu wake ukashuka kwenye kanyagio, mashine ikaanza kuunguruma. Chini ya sindano hapakuwa na nguo.

"Bi Mkubwa, siwezi," Kifungo akasema.

"Sikusikii, mwanangu! Kuna kelele hapo, ni nini hiyo kel—"

Bi Mkubwa akalikata neno katikati. Huko upande wa pili hata waliokuwa wanakohoa waliacha. Walikuwa wamelisoma shairi, wote wale, na sasa walikuwa wanaisikiliza cherehani yenyewe kwenye sauti kubwa.

"Litoeni!" Kifungo akapaza sauti kuishinda mashine, na hakuwahi maishani kupaza sauti namna ile. "Naomba mlitoe! Msilisome, msilichapishe!"

"Tutalitoa," Bi Mkubwa akasema. "Tutalitoa, mwanangu. Ila nafasi sitaweza kukushikia. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Mwakani tutafungua tena. Na Jumamosi kiti chako kipo."

Simu ilipokatika, mguu wa mama nao ukatulia. Mtaani mtu aliita mtu, akajibiwa.

"Wamekubali?" mama akauliza.

"Wamekubali."

"Na ile nafasi yako?"

"Anapewa mwingine."

Mama akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa mashine ambayo haikuwa na vumbi. Akapangusa gurudumu, akapangusa jina lililofutika ubavuni. "Si utatunga jingine?" akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa inabembeleza kidogo, kama anavyowabembeleza wateja akichelewesha nguo. "Tunga la kuchekesha. Mtunge Mama Mapacha, yule hana aibu, atakununulia na soda."

"Sawa, mama."

Akavuta shati, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nane huku, nane kule. Mstari wa kwanza ukaja haraka, Mama Mapacha juu ya stuli, anacheka, pini zinadondoka. Wa pili ukaja, anashuka, analipa, anaaga. Wa tatu, mlango unafungwa, na chumbani wanabaki watu wawili.

Akaufumua ubeti wote. Akaanza upya, akampandisha Mama Mapacha juu ya stuli, akamchekesha zaidi, akampa maneno mengi ya kusema. Mama Mapacha akayasema yote, akashuka, akaaga, akatoka, na chumbani wakabaki wale wale wawili.