Kipande Kinene cha Wembe

Pale maabara ya hospitali walimwita Wembe, na jina likamkaa. Vinyama vya wagonjwa vilivyogandishwa ndani ya nta alivikata vyembamba hata ukivipumulia vinapaa, na kila mwanafunzi aliyepita pale alioneshwa kazi yake. Sifa hizo alizipenda, tusidanganyane. Hata nyumbani mkate aliukata hivyohivyo, na wifi yake, dada wa mumewe, hakuacha kumchokoza kwamba chai ya nyumba ile hunywewa kwa harufu ya mkate tu.

Sasa wifi huyohuyo alikuwa amelazwa ghorofa ya juu, miguu imevimba, mkojo una povu, na madaktari hawajui wamtibu nini. Walimtoa kinyama cha figo kwa sindano. Wembe aliomba akikate mwenyewe, maana roho ilikuwa juu, na siku hiyo alikata vyembamba kuliko siku zote.

Daktari wa maabara alimwita aje kwenye hadubini. Vile vichujio vidogo vya figo, ambavyo kwa kawaida ni vimishipa vya damu vilivyojisokota, vilikuwa vimejaa kitu cha rangi ya waridi iliyofifia, kisicho na umbo. Daktari alishuku ni amiloidi, protini mbovu inayojirundika mwilini. Ila lazima athibitishe: ikipakwa rangi nyekundu maalumu, kisha ikamulikwa kwa mwanga uliochujwa, hung'aa kijani cha tufaha bichi. Rangi Wembe alishaipaka. Daktari akazungusha kioo cha kuchuja mwanga, akazungusha tena. Kijani hakuna.

"Kata kingine," alisema. "Kiwe kinene mara tatu."

Wembe aliona ametukanwa. Akajibu kwamba vinene hukatwa na wanaojifunza, yeye alishavuka huko zamani. Daktari hakubishana naye. Alimweleza taratibu kwamba kipande kikiwa chembamba mno, amiloidi inayobaki ndani yake ni kiduchu, na kijani chake hakionekani.

"Huo mkono wako mwepesi ndio unaotufichia, dada. Na tukikosa leo, wifi yako atatibiwa ugonjwa usio wake."

Hapo kiburi chote kikamwisha. Aliongeza unene kwenye mashine, akakata pande ambalo siku nyingine angelitupa kabla mtu hajaliona. Akalipaka rangi, akalisubiri likauke, akalirudisha kwa daktari. Kioo kilipozungushwa, mle gizani kijani kikawaka, kimejaa kwenye vichujio na kuzunguka kuta za mishipa. Wembe alitokwa na machozi ya furaha, kisha akajishangaa, mtu mzima anafurahia ugonjwa. Lakini sasa ulijulikana, na dawa za kuupunguza kasi zilikuwepo.

Baada ya kazi alipanda wodini na mkate na kisu, akamsimulia wifi yake yote, pamoja na ile sehemu ya kununa. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka yote nakwambia kata vinene. Hukunisikia, mpaka figo langu likwambie."

Wembe alikata kipande kinene cha mkate, kisu kikachelewa kufika chini, akampa. Wifi alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, kisha akamwomba akate na cha kwake, wale pamoja.